Hapana ya Bwana Sawa

Saluni yake ni chumba kimoja chenye vioo viwili, viti viwili na benchi lisilotosha, na humo hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Rula, kwa sababu njia anazochora kichwani kwa ncha ya kitana zimenyooka kuliko barabara nyingi zilizochorwa na wahandisi. Mteja akikaa, Rula hamuulizi anataka mtindo gani. Anakishika kichwa kwanza, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechagua tikiti, anakigeuza huku na huku, kisha anatoa hukumu. "Wewe una mba." Au, kwa sauti ya chini zaidi: "Nani alikusuka mara ya mwisho, na ulimkosea nini?"

Kazi alifundishwa na shangazi yake, mwanamke aliyesuka akiwa amefumba macho na kuwasema watu akiwa ameyafumbua. Rula alianza na wanasesere wa katani, akahamia kwa wadogo zake ambao hawakujua kukimbia, na alipofika umri wa kuolewa mikono yake ilikuwa na sifa mtaa mzima. Wanawake walipanga foleni kwa ajili yake na kumwacha mwenzake wa kiti cha pili, aliyeitwa Redio kwa sababu zinazoeleweka, akisuka wale wenye haraka.

Aliolewa na muuza rangi za nyumba. Huyu naye alikuwa na jina lake la kazini: Bwana Sawa. Wateja wawili, mume na mke, wakija dukani, mume akasema rangi hii ni ya bluu, yeye alijibu sawa. Mke akisema ni ya kijani, sawa. Watu hao walitoka na makopo mawili na wote wawili wakimsifu kuwa ni kijana msikivu. Rula alikuwa amekulia katika nyumba ya wajomba waliopinga kila kitu, pamoja na hali ya hewa, hivyo alimwona kama kivuli cha kupumzikia. Alimwambia, "Tukioana sitaacha kazi." Sawa, akajibu. Wiki hiyohiyo mama yake alimwambia, "Mkeo akizaa aache hayo mambo ya vichwa vya watu." Akajibu sawa. Sawa hizo mbili zilikaa katika ndoa moja miaka mingi bila kugongana, kwa kuwa hazikuwahi kutamkwa katika chumba kimoja.

Mimba ilichelewa kuja, na ilipokuja ikawa na haraka ya kuondoka. Presha ilipanda, Rula akapasuliwa, na mtoto wa kiume akatolewa kabla ya wakati wake, mwepesi kama kiatu cha mtoto mwingine. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba mishipa ilionekana kama mistari ya kalamu. Aliwekwa kwenye wadi ya watoto njiti, ndani ya kasha la joto, sanduku la plastiki angavu lenye matundu mawili ya duara ubavuni ya kupitishia mikono. Kwa kuwa tumbo lilikuwa changa mno kupokea maziwa ya kutosha, alipitishiwa mrija kwenye mshipa mkubwa, na kwenye mrija huo zikaingia dripu mbili, moja angavu na moja nyeupe. Hiyo nyeupe ilikuwa mafuta, ya kumpa nguvu. Hospitali ina namna nyingi za kunenepesha watu, na hii ndiyo ya wadogo kabisa.

Rula alikuwa ghorofa ya juu, kidonda kibichi, presha haijashuka, amekatazwa hata kukaa. Habari za mtoto aliletewa na mume wake.

Siku ya pili Bwana Sawa alikuja na mama yake. Wadi ile ilikuwa ya wazazi tu, na wazazi wenyewe walivalishwa gauni, kofia na barakoa mpaka watu wote wakafanana, vijana kwa wazee. Sista wa zamu, ambaye mikono yake ilikuwa na kazi tatu wakati huo, aliuliza bila kugeuka, "Huyo ni nani?"

"Ni mama," akasema Bwana Sawa.

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Hakuulizwa wa nani.

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda. Alikuwa amelea watoto watano, wote wameishi, wote wana ngozi nzuri, na aliona kwa macho yake kwamba huyu ngozi yake inabanduka kama ganda la kitunguu huku wasomi wakipita. Akafungua pochi chini ya gauni, akatoa kichupa cha mafuta aliyokuwa akijipaka mwenyewe nywele na mikono.

"Mama, nadhani hawaruhusu," mwanawe akasema.

"Hawaruhusu nini, mtoto kung'aa? Wewe nilikupaka mpaka ukawa unateleza. Simama hapo mlangoni, angalia asije mtu."

Bwana Sawa akasimama mlangoni. Bibi akapitisha mkono kwenye tundu, akapaka miguu, akapaka tumbo, na kwa kuwa mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kiasi cha kuishia hapo, akapaka na pale plasta iliposhikia mrija. Alifanya taratibu sana, kwa mapenzi, akinong'ona maneno ambayo bibi hunong'ona. Kisha wakaenda zao.

Rula aliporuhusiwa kushuka alikuta mtoto amepambwa kwa waya. Sista alimfundisha kunawa mpaka kwenye kiwiko na kuingiza mkono bila kugusa mirija. Aliingiza mkono, na bila kufikiri akafanya alichofanya maisha yake yote: akashika kichwa. Kiliingia chote ndani ya kiganja na nafasi ikabaki. Alikaa hivyo mpaka bega likafa ganzi. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na mtoto akishikwa kichwa mapigo ya moyo yalitulia kwenye mashine, hata sista akasema, "Mama, huyu anakujua."

Halafu mtoto akaanza kurudi nyuma. Rangi ikawa ya majivu. Akawa anasahau kupumua, anashtuliwa, anapumua, anasahau tena. Dawa za bakteria zikabadilishwa mara mbili, mtoto akazipuuza zote mbili. Damu ilipelekwa maabara na jibu likarudi kwamba haijaota kitu.

Baada ya siku kadhaa daktari wa watoto aliwaita wazazi wote wawili kwenye chumba kidogo chenye friji ya dawa na kiti kimoja, ambacho kila mmoja alimpa mwenzake na hatimaye hakuna aliyekikalia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu ambaye chai yake hupoa kabla hajainywa.

"Tumempata anayemsumbua," akasema. "Ni fangasi. Fangasi kwenye damu."

Neno fangasi lina makazi yake katika lugha yetu. Linaishi katikati ya vidole vya miguu, kwenye viatu vya mvua, na katika bafu za watu wengine. Ni neno la aibu ndogondogo, la kununuliwa dawa ya tyubu na kufichwa. Bwana Sawa alitazama viatu vyake.

"Si hiyo ya miguuni," daktari akaendelea, kwa kuwa aliyaona macho yale kila mara. "Huyu ni ndugu yake hamira. Anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, yangu mimi, yenu ninyi, na hatuna ugomvi naye. Anakula mafuta tu. Ndiyo maana maabara walikuwa hawamwoni: hakuota mpaka walipomdondoshea mafuta ya zeituni kwenye sahani yake. Kwa mtu mzima, kubwa analoweza ni kumletea mba kichwani."

"Mba," akasema Rula.

"Ndiyo. Yeye au binamu yake. Ila mtoto njiti hana kinga, ana mrija, na kwenye mrija ana dripu ya mafuta. Kwa mdudu huyu hiyo ni karamu. Inatokea mara chache sana, lakini inatokea. Tutautoa ule mrija, tutasimamisha mafuta, tutaanza dawa ya fangasi. Hali yake ni mbaya, sitawaficha." Akawatazama wote wawili. "Sasa nauliza kitu, na siulizi kwa ubaya. Kuna mtu yeyote amempaka mtoto mafuta? Ya ngozi, ya nywele, yoyote? Nikijua nitajua pa kutafuta. Wapo watoto wengine humu ndani."

"Hapana," akasema Bwana Sawa.

Waliomfahamu tangu utotoni hawakumbuki kumsikia akilisema neno hilo. Lilitoka safi, bila kukwama, kama neno lililokuwa limetunzwa mahali pakavu kwa ajili ya siku hiyo.

Daktari akamgeukia Rula. "Na wewe mama, unafanya kazi gani?"

"Nasuka."

Rula aligeuka kumtazama mumewe, akamkuta anatazama mikono yake yeye, Rula, kwa huzuni, kama mtu ambaye ndio kwanza analifikiria hilo.

"Sisemi ni wewe," daktari akasema. Katika lugha yetu hakuna namna nyingine ya kusema kwamba ni wewe.

Jioni ile, nyumbani, bibi alimuuliza mwanawe daktari kasemaje. Bwana Sawa alikuwa amechoka, na alimpenda mama yake, na njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake. "Anasema ni mikono," akajibu.

"Ya nani?"

"Ile ya saluni."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alisikitika kwelikweli. Alimsikitikia mkwe wake kwa majirani watatu, na majirani wakamsikitikia kwa mtaa mzima.

Rula hakuhitaji kuambiwa. Alipiga hesabu ya vichwa alivyovishika mpaka siku presha ilipomwangusha, akavikumbuka vyenye mba kimoja kimoja, kwa majina ya wenyewe. Alianza kunawa kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa dawa ya kusafishia sakafu, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Hospitalini alikwenda kila siku, akakaa kando ya kasha, mikono imefungwa kwapani kama mtu anayesikia baridi. Hakuipitisha tena kwenye tundu.

"Mguse kidogo, mama," sista alimwambia. "Anakusubiri."

"Namwona, sista. Inatosha."

Mrija ulitolewa, ile dripu nyeupe ikaondoka, dawa ikaingia polepole kupitia mshipa wa mguu. Kwa muda ikawa haijulikani. Kisha ile rangi ya majivu ikaanza kuondoka kuanzia masikioni. Mtoto akakumbuka kupumua, akakumbuka na kulia, na siku moja daktari akasema sasa abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, joto la mzazi ni dawa. Akamtazama Rula. Rula akasema, "Ambebe baba yake."

Bwana Sawa alifungua shati na kubebeshwa mtoto. Alikaa naye saa nyingi kila siku, akiwa ameacha duka, na wadi nzima ikampenda. Masista walimwonyesha kwa akina baba wengine waliokuja kusimama mlangoni dakika moja na kuondoka. "Mwigeni huyu," walisema. Alipokea sifa hizo kwa unyenyekevu. Rula aliketi pembeni akikamua maziwa kwenye kikombe, na akimtazama mume wake alijiambia kuwa ana bahati, mwanamume mwingine angekuwa ameshamfukuza.

Mtoto alirudi nyumbani. Bibi akamwogesha, bibi akambeba, bibi akamlaza. Rula alimnywesha maziwa kwa kikombe na kijiko, amevaa glavu za kupakia dawa za nywele, khanga nene kati yake na mtoto. Mtoto aligeuza kichwa kila aliposikia sauti ya mama yake, na mama yake alipoona hivyo aliacha kuzungumza.

Redio alikuja kumtazama siku moja mchana. "Shoga, kiti chako kimeota vumbi. Wateja wako wananiletea vichwa, nawachora njia kama amepita panya."

"Waambie nimeacha."

"Umeacha kazi au umeacha mikono? Maana naona hata mwanao unamshika kama sufuria ya moto."

"Daktari alisema, Redio."

"Alisema ni wewe?"

"Alisema hasemi ni mimi."

Redio, ambaye hakunyamaza hata akiwa na kitana mdomoni, akaanza kuzikunja nguo za mtoto.

Jumapili moja ndugu na majirani walialikwa kuja kumwona mtoto, ambaye sasa alikuwa na mashavu. Redio alikuwepo. Bwana Sawa aligawa viti. Bibi alikaa katikati ya sebule, mjukuu mapajani, amefurahi, na furaha yake ilipofika juu akaona si haki kuwaacha watu na uongo.

"Wanasema madawa, madawa," akasema. "Sawa, madawa. Lakini mimi najua kilichomwokoa huyu. Nilimkuta ngozi inabanduka kama kitunguu, hakuna anayejali. Nikatoa mafuta yangu, nikampaka kuanzia hapa mpaka hapa." Akaonyesha. "Nilipaka mpaka pale pa mrija, pasikauke. Angalieni sasa. Tazameni ngozi hiyo."

Wageni wakatazama ngozi. Ilikuwa nzuri.

"Lini hiyo, bibi?" akauliza Redio.

"Siku ya pili tu. Mama yake bado yuko kitandani kule juu, hajamtia hata jicho. Mwanangu huyu alinisimamia mlangoni. Mwoga, huyu, kila dakika anageuka kuangalia nyuma."

Watu wakacheka. Rula alikuwa ametoka jikoni na trei ya vikombe. Hakuiangusha. Aliiweka mezani, akavipanga vikombe masikio yote yakitazama upande mmoja, kisha akasema kwa heshima, "Mama, daktari alijua hilo?"

"Nani aniulize mimi, mwanangu? Hakuna aliyeniuliza."

"Aliulizwa mwanao. Nilikuwepo."

Bibi akamgeukia mwanawe. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa tu haelewi. "Si uliniambia daktari kasema ni mikono yake?"

Wageni wakakohoa, mmoja baada ya mwingine. Bwana Sawa alitazama mama yake, akatazama mke wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wote wawili kuwa katika chumba kimoja wakisubiri jibu moja.

"Sawa," akasema. "Lakini..."

Hakukuwa na kitu baada ya lakini. Rula alivua glavu, akaziacha juu ya trei kati ya vikombe, akaenda akamchukua mtoto mapajani pa bibi yake bila kunawa. Akamshika kichwa kwa vidole vilivyopasuka. Kilikuwa kimekua, hakikutosha tena kiganjani. Akaingia naye chumbani, na wageni wakakumbuka kwamba walikuwa na safari nyingine.

Bibi alimfuata baadaye, akasimama mlangoni. "Sikujua, mwanangu," akasema. Rula akajibu, "Najua, mama." Na alimaanisha. Yule mama alifanya kosa mchana kweupe na akalisimulia mchana kweupe. Huyo angeweza kuishi naye.

Bwana Sawa alikuja wa mwisho, jua likiwa linatua. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ningesemaje?" akasema. "Ni mama yangu. Wangemfukuza kama mwizi. Wangesema alitaka kumuua mtoto."

"Na mimi walisema nini?"

"Wewe..." Alitafuta neno kwa uaminifu, na kwa bahati mbaya akalipata. "Nilijua wewe utavumilia."

Rula aliendelea kumnyonyesha mtoto, ambaye alikuwa anajifunza titi kwa mara ya kwanza na alikuwa na kazi nyingi kuliko wote. "Kliniki ni wiki hii," akasema. "Utakwenda wewe. Daktari alikuuliza swali. Kamjibu."

Akaenda. Lazima isemwe kwamba alikwenda, na kwamba alisema yote, pamoja na kusimama mlangoni. Alirudi na uso mwepesi kama mtu aliyefutiwa kesi, akaanza kuongea kabla hajavua viatu.

"Nimemwambia. Amekasirika sana, haki yake. Wapo watoto wengine, anasema, ningemwambia mapema. Lakini nikamuuliza, kwa hiyo ni yale mafuta? Akasema hawezi kuapa. Inaweza kuwa mafuta ya mama, inaweza kuwa dripu yao wenyewe, inaweza kuwa mkono wa mtu yeyote aliyeugusa ule mrija. Kuna mtoto mwingine alipata mdudu huyohuyo mwezi uleule, na huyo hajapakwa kitu na mtu. Hakuna atakayejua kamwe." Akavuta pumzi. "Unaona? Pengine hata si mafuta."

"Pengine," akasema Rula.

"Basi yamekwisha."

"Mimi sikukuuliza habari za mafuta."

Alisimama pale, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akisubiri kuulizwa alichotakiwa kuulizwa, kwa kuwa safari hii alikuwa tayari kusema kweli yote. Hakuulizwa. Wiki iliyofuata Rula alirudi saluni na mtoto mgongoni, na foleni ikarudi, na watu wakasema nyumba ile imetulia. Ni kweli imetulia. Hawagombani, wanakula meza moja, na bibi anakuja kila Jumapili. Ila Rula akitaka kujua kama mvua inanyesha, na mumewe amesimama dirishani, hamuulizi; hutoka nje mwenyewe.